Laxton, kijiji ambacho mashamba yake hayakuwekewa ua

Ukitoka mji wa Newark kuelekea kaskazini, ndani ya Nottinghamshire, unapita katika Uingereza ile ya kwenye kalenda za ukutani: mashamba yaliyozungushiwa nyua za miti ya miiba, na nyumba ya mkulima imejitenga peke yake katikati ya eneo lake. Ukifika Laxton mpangilio unabadilika. Nyumba za wakulima, pamoja na maghala na mazizi yao, zimejipanga kando ya barabara ya kijiji, nyingi zikiwa zimeelekeza ubavu barabarani. Ukitoka nje ya kijiji unakuta uwanda mpana wa ngano usio na ua wala nyumba, ingawa uwanda huo unalimwa na watu kadhaa tofauti.

Laxton hutajwa kuwa kijiji cha mwisho Uingereza kinachoendesha kilimo cha makonde ya wazi, mfumo uliotawala sehemu kubwa ya nchi hiyo tangu enzi za kati. Mabaki ya makonde ya namna hiyo yapo kwingine, kwa mfano Braunton kule Devon na katika Kisiwa cha Axholme huko Lincolnshire. Laxton inazipita sehemu hizo kwa kuwa bado ina mzunguko wa mazao unaomfunga kila mkulima, pamoja na mahakama ya kijiji inayousimamia. Tatizo ni kwamba watu wakisikia “makonde ya wazi” hudhani ardhi ni ya wote, kama ujamaa wa kale. Haikuwa hivyo zamani, na leo si hivyo.

Makonde yaliyobaki ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Zamani kulikuwa na la nne, East Field, ambalo halimo tena katika mfumo. Ukiyajumlisha yote matatu unapata kama ekari 480, ambazo ni sehemu ndogo tu ya ardhi yote ya parokia, yaani eneo zima la kanisa na kijiji chake. Eneo lililosalia lilizungushiwa ua kidogo kidogo kwa karne nyingi, kama kwingineko. Kila konde limekatwa vipande virefu vyembamba. Kila kipande kina mtu wake, anayekilima, anayepanda mbegu zake, anayevuna na kuuza kwa faida au hasara yake. Kapu la pamoja halipo. Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba vipande vya mkulima mmoja havikukaa pamoja. Ana kimoja hapa, kingine nusu kilomita kule, na katikati yake ni vya majirani.

Urefu wa vipande ulitokana na plau. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mwekundu, mzito, unaoshika maji wakati wa baridi. Katika enzi za kati plau ya kulimia udongo wa namna hiyo ilivutwa na maksai, pengine hadi wanane, na kuligeuza kundi hilo lote mwishoni mwa mfuo ilikuwa kazi. Afadhali uende mbali ndipo ugeuke. Urefu uliozoeleka ulikuwa yadi 220, yaani kama mita 201, na kipande cha urefu huo chenye upana wa yadi 22 ndicho ekari moja, ekari hii hii tunayopimia mashamba Morogoro na Eldoret. Plau nayo ilitupa udongo upande mmoja tu. Ukilima kwa kuzunguka kipande chako, mwaka baada ya mwaka udongo unajikusanya katikati na pembeni panabaki mtaro wa kupitishia maji. Matuta hayo makubwa bado yanaonekana katika malisho mengi ya Uingereza ya kati, hasa jioni jua linapoinama, mahali ambapo plau haijapita kwa mamia ya miaka.

Kwa nini vipande vilitawanywa? Hapo wanahistoria wanabishana. Wengine wanasema wanakijiji walifyeka msitu kwa ushirika, kisha kila sehemu mpya ikagawanywa kwa wote walioshiriki. Wengine wanasema ni urithi uliogawanywa tena na tena. Wapo wanaoona ilikuwa bima: mwaka wa mvua nyingi bondeni panaoza lakini mlimani panapona, na mwenye vipande pande zote hakosi kabisa. Mimi hii ya mwisho ndiyo inayonishawishi zaidi, japo haizipingi zile nyingine. Mkulima aliyetegemea shamba moja la bondeni angeweza kufa njaa kwa msimu mmoja mbaya, na watu waliokuwa wakiishi na hatari hiyo hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza.

Kwa hiyo ardhi ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Kalenda ndiyo iliyokuwa ya wote.

Konde la kwanza linapandwa ngano kabla ya baridi kuingia. La pili linapandwa mazao ya majira ya kuchipua, yaani shayiri, maharage au njegere. La tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata kila konde linasogea hatua moja, na baada ya miaka mitatu mzunguko unaanza upya. Huwezi kuamua peke yako kwamba mwaka huu unapanda shayiri katika konde la ngano. Sababu yake ni mifugo. Kabla ya mbolea za viwandani, rutuba ilitoka kwa kondoo na ng’ombe, na walilishwa katika konde lililopumzishwa na kwenye mabua baada ya mavuno. Konde lisilo na ua haliwezi kufunguliwa nusu. Kondoo wanaingia kote au hawaingii kabisa. Mtu aliyechelewa kuvuna kipande chake kimoja aliwazuia wote, na mtu aliyewahi kufungulia mifugo yake alilisha mazao ya jirani. Ndiyo maana Laxton bado ina boma dogo la kufungia mifugo iliyokamatwa ikizurura. Mwenye mnyama alimkomboa kwa faini. Wasomaji waliokulia kwenye vijiji vyenye mabwana shamba na faini za mbuzi hawahitaji ufafanuzi hapo.

Panapokuwa na ratiba ya pamoja lazima pawe na mtu wa kuisimamia, na kwa Laxton mtu huyo ni mahakama iitwayo Court Leet. Asili yake ni baraza la bwana wa eneo katika enzi za kati. Bwana alipata ada na faini zake, wanakijiji wakapata mahali pa kuamulia ugomvi wa mipaka. Mahakama kama hizi zilikuwa maelfu. Nyingi zilikufa zenyewe, na mwaka 1977 Bunge likafuta mamlaka ya kisheria ya zilizosalia. Baadhi ziliruhusiwa kubaki kwa ajili ya sherehe na desturi. Laxton ilitajwa ndani ya sheria hiyo na kuachiwa nguvu zake, kwa sababu ilikuwa bado na kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe huonekana wazi zaidi mwishoni mwa Novemba, Alhamisi ya mwisho ya mwezi, siku ya ukaguzi. Jopo la wakulima 12 chini ya kiongozi wao hupanda kwenye tela la trekta na kwenda kwenye konde lililotoka kupandwa ngano. Wanatembea kipande kwa kipande. Wanachotafuta ni kidogo: je, mtu amesogeza mfuo wake ndani ya njia ya wote? Amekula ukanda wa nyasi usiolimwa? Mpaka kati ya kipande na kipande hauna ukuta wala jiwe kubwa. Ni mfuo tu, na mfuo husogea. Plau ikiingia inchi chache kila msimu, baada ya miaka kumi mtu ameongeza hatua nzima bila kumwambia yeyote, na pengine bila yeye mwenyewe kujua. Jopo husimama mwisho wa kipande, likatazama mstari hadi upande wa pili, likabishana, kisha likachimbia kigingi cha mbao mahali mpaka unapotakiwa kuwa. Anayebisha anabishana na watu waliolima konde hilo hilo maisha yao yote. Ukaguzi ukiisha wote hurudi kijijini kula katika baa iitwayo Dovecote Inn.

Wiki moja baadaye mahakama inakaa, katika baa hiyo hiyo. Msimamizi wa mahakama, anayemwakilisha mwenye ardhi, anaifungua. Jopo linatoa taarifa ya makosa yaliyoonekana, waliovuka mipaka wanatozwa faini, na jopo jipya linaapishwa kwa ajili ya konde la mwaka ujao. Faini ni za pauni chache na hazimfilisi mtu. Uzito wake ni kwamba jina lako limesomwa mbele ya majirani wenye glasi mkononi, na kwamba mwakani huenda wewe ndiye utakuwa juu ya tela, ukimkagua aliyekukagua.

Kanda za nyasi nilizozitaja zina jina lao pale, sykes, na zinastahili maelezo. Katikati ya makonde kuna vibonde vyenye maji au miteremko ambayo plau ya maksai haikuweza kuipanda. Sehemu hizo ziliachwa na nyasi zake zikawa mali ya wenye haki katika makonde. Mpaka leo nyasi za sykes hupigwa mnada kila kiangazi, na anayeshinda hukata majani makavu ya mifugo. Kwa kuwa hazijawahi kulimwa wala kutiliwa mbolea nyingi, zimebaki na maua ya porini ambayo katika mashamba ya kisasa yalishapotea, na serikali imezitambua rasmi kuwa eneo lenye umuhimu wa kisayansi. Mkulima wa karne ya 13 aliziacha kwa sababu hakuweza kuzilima. Mkulima wa leo mwenye trekta la nguvu anaweza, na jopo la Novemba ndilo linalomzuia.

Sasa, ikiwa mfumo huu ulienea hivyo, ulikwenda wapi? Uliondolewa kwa kuzungushia ua. Katika karne ya 15 na 16 wenye ardhi wakubwa walikwisha kuona kwamba sufu ya kondoo inalipa kuliko nafaka ya wapangaji, wakaanza kufunga makonde. Watu hawakunyamaza. Mwaka 1549 Robert Kett aliongoza uasi mkubwa Norfolk, na mwaka 1607 wanakijiji wa Northamptonshire, Warwickshire na Leicestershire waling’oa nyua na kufukia mitaro kwa majembe. Pale Newton makumi yao waliuawa. Baadaye kazi ile ile ilifanywa kwa karatasi. Wenye sehemu kubwa ya ardhi ya parokia walipeleka ombi bungeni, sheria ikapitishwa kwa ajili ya parokia hiyo moja, makamishna wakaja na mpima ardhi, vipande vyote vikachanganywa na kugawanywa upya, kila mmoja akapewa eneo lake katika sehemu moja. Kati ya 1604 na 1914 sheria za namna hiyo zilizidi 5,200, zikigusa ekari kama milioni 6.8.

Kwenye karatasi hakuna aliyenyang’anywa. Mwenye vipande 20 alipata shamba la ukubwa unaolingana navyo. Lakini alitakiwa kulizungushia ua kwa gharama yake, ndani ya muda uliopangwa, na kuchangia malipo ya makamishna na mawakili. Mwenye ekari tano aliona ni nafuu kuuza. Chini yake alikuwapo asiye na kipande kabisa, aliyelisha ng’ombe mmoja katika malisho ya wote, akaokota kuni na kukusanya masuke yaliyodondoka. Haki yake ilikuwa ya mazoea, haikuandikwa popote, na makamishna walifidia kilichoandikwa. Mazao kwa ekari yaliongezeka, hilo wanahistoria wengi wanalikubali, ingawa wanatofautiana kuhusu kiasi. Faida iliingia mifukoni mwa nani ni swali jingine, na kwa wengi waliobaki na mikono mitupu jibu lilikuwa kibarua katika shamba la mtu au safari ya mjini.

Laxton ilipona kwa mchanganyiko wa mambo, na sioni hata moja linalofanana na ushujaa. Mwaka 1635 kijiji kilikuwa cha Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, aliyemlipa mpima ardhi Mark Pierce achore ramani ya kila kipande pamoja na daftari la nani anakishika. Ramani hiyo sasa iko Maktaba ya Bodleian, Oxford, na ni kazi ya kuvutia: juu ya mistari ya vipande Pierce alichora watu wadogo sana wakilima, wakivuna na wakiwinda. Tajiri wa kununua ramani ya namna hiyo kwa kawaida anataka kujua mali yake inaweza kuzalisha kiasi gani zaidi. Courten hakudumu, utajiri wake ulianguka, akafa, na muda si mrefu Laxton ikaingia mikononi mwa ukoo wa Pierrepont, ambao wakuu wake baadaye walipewa cheo cha kikabaila cha Earl Manvers, makao yao yakiwa Thoresby, jirani tu na hapo.

Hao Pierrepont walikuwa na sababu zote za kufunga makonde. Kikwazo kimoja ni kwamba hawakuwa peke yao. Kulikuwa na wamiliki wengine, wakubwa na wadogo, na kufunga kulihitaji ama kukubaliana nao ama kuwanunua mmoja mmoja, kazi iliyokwenda kizazi baada ya kizazi. Kisha kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei rahisi kutoka Marekani ikajaa sokoni na bei ikaporomoka. Kutumia fedha kuzungushia ua udongo mzito wa mfinyanzi kukawa hasara tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers alichagua njia ya katikati: aliunganisha vipande vidogo vidogo kuwa vichache na vikubwa zaidi, akaacha makonde yawe wazi na kalenda iendelee. Kwa hiyo anayesema Laxton haijabadilika tangu enzi za kati anakosea. Vipande vya leo ni vipana kuliko alivyovichora Pierce. Konde la mapumziko nalo siku hizi halikai tupu, hupandwa majani ya kulisha mifugo, na kundi la pamoja la kondoo halipo tena.

Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume wa kurithi cheo, aliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi hiyo kwa makubaliano kwamba mfumo utalindwa. Mwaka 1981 ikahamishiwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Ufalme. Taasisi hiyo ilipotangaza kwamba inauza, wanakijiji waliingiwa na wasiwasi ulioeleweka, maana mnunuzi yeyote mwenye mawakili wazuri angeweza kuona ekari 480 za ngano na asione kitu kingine. Mwaka 2020 ilirudi Thoresby, kwa kizazi cha wale wale waliokuwa nayo. Ukifuatilia mnyororo huo unaona jambo ambalo masimulizi ya “kijiji cha kale” hulificha: wanaolima pale wengi ni wapangaji. Mahakama yao inaweza kumtoza mtu faini kwa mfuo mmoja, lakini haikuwa na kauli juu ya nani anunue kijiji.

Kuna tawi moja la habari hii linalofika kwetu. Hoja ya kwamba vipande vilivyotawanyika ni adui wa maendeleo ilisafiri na maofisa wa kikoloni. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 nchini Kenya ulilenga kuviunganisha vipande vya wakulima wa Kikuyu vilivyotapakaa kwenye miinuko na mabonde, kila mtu apate shamba moja na hatimiliki. Ulitekelezwa wakati wa Hali ya Hatari, wanaume wengi wakiwa kizuizini, na aliyekuwa nyuma ya senyenge siku mipaka inapimwa hakuwa na nafasi nzuri ya kudai chake. Wakati huo huo, kule Uingereza, wizara ya serikali ilikuwa miaka miwili tu tangu inunue Laxton ili vipande vyake visiunganishwe.

Kwa mkulima wa Laxton wa leo hesabu ni ngumu. Mashine zimekuwa pana na vipande ni vyembamba. Kuhamisha trekta kutoka kipande hadi kipande ni mafuta na muda, na nyumba ya mkulima iliyoko katikati ya kijiji haina nafasi ya kupanuka. Wanaokubali upangaji pale wanakubali pia kalenda, siku ya jopo na uwezekano wa kutajwa mahakamani. Wengi wana ardhi nyingine iliyofungwa ua, na ndiyo inayobeba biashara. Makonde ya wazi ni nyongeza wanayoibeba kwa hiari, na hiari hiyo lazima ipatikane upya kila mzee anapostaafu na kumwachia mtoto au mpangaji mgeni.

Kama unaishi Nottingham, Sheffield au Lincoln, unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari. Pembeni ya Dovecote Inn kuna chumba cha maelezo chenye picha na ramani. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lina sanamu za makaburi za ukoo wa Everingham, mojawapo ya mbao, na kaskazini mwa kijiji kuna kilima cha ngome ya karne ya 12 walikokaa walinzi wa msitu wa Sherwood. Juni na Julai ni kwa ajili ya maua ya sykes. Ukitaka kuelewa vipande, nenda majira ya kuchipua: ngano ya konde moja imeshakuwa kijani, konde la pili ndio linaota, na mstari kati ya mtu na mtu unaonekana kwa rangi. Vaa mabuti, ule mfinyanzi hauna huruma na viatu.